Jaketi la ngozi likitatuka, weka supaglu mbali

Na Mwandishi Wetu

BARIDI inapobisha hodi jijini Nairobi kati ya mwezi wa Juni na Agosti, majaketi ya ngozi hutolewa kabatini. Utayaona ndani ya matatu alfajiri, utayaona kwenye foleni za benki, na utayaona vyuoni ambako jaketi moja laweza kuwa na mwenyewe mmoja na waazimaji watatu, kila mmoja na siku yake. Wahudumu wa bodaboda nao hawathubutu kuukabili upepo wa asubuhi bila hayo.

Na ni wakati uo huo ambapo wengi hugundua kwamba jaketi lililowekwa salama mwaka uliopita limeota ukungu kwenye kola, zipu imekataa kupanda, au ubavu mmoja umetatuka bila mtu kukumbuka ulitatuka wapi. Hapo ndipo makosa huanza. Kwa maoni yangu, majaketi mengi ya ngozi hayauawi na msumari wala waya wa kiti cha matatu. Huuawa na wenyewe, wakiwa nyumbani, wakijaribu kuyaponya.

Nasema hivyo kwa sababu niliwahi kuua moja. Au tuseme nililiacha likiwa mahututi.

Jaketi hilo lilikuwa la marehemu baba. Alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, na alilinunua katika mitumba ya Gikomba miaka ya tisini, mimi nikiwa bado shule ya msingi. Lilikuwa jeusi, zito, la ngozi ya ng'ombe, lenye kola pana na mifuko miwili ya ndani. Alilivaa usiku akipita Timboroa, mahali ambapo kila dereva wa barabara ya kwenda Malaba anajua baridi yake. Alipofariki, mama alilitundika nyuma ya mlango wa chumba chake. Likakaa hapo miaka miwili bila mtu kuligusa. Siku niliyokuwa nikiondoka kwenda chuoni kusomea uandishi wa habari, alilishusha, akalipangusa vumbi, akanipa.

"Litunze," akasema. Hakuongeza neno.

Sikulitunza. Mwaka wangu wa pili, nikishuka kwenye matatu huku makanga akinihimiza kana kwamba nyuma yetu kuna moto, waya uliochomoza kwenye kiti ulilinasa jaketi ubavuni. Ngozi ilitatuka kwa umbo la pembe, mfano wa kifuniko cha bahasha, kila upande urefu wa kidole cha shahada.

Sasa sikiliza nilichofanya. Jioni hiyo nilinunua supaglu dukani, nikaipaka kwenye kingo za mpasuko na kuzibana kwa vidole. Asubuhi sehemu hiyo ilikuwa ngumu kama ukucha. Baada ya wiki moja ngozi ikapasuka tena, safari hii pembeni mwa ile gundi, na mpasuko mmoja ukawa miwili. Nikaficha aibu hiyo kwa polishi nyeusi ya viatu. Polishi ikahamia kwenye shati jeupe nililokuwa nimeazima kwa rafiki yangu ili niende kuulizia nafasi ya kufanyia mafunzo ya kazi. Halafu, kama kwamba hayo hayatoshi, mvua ya Aprili ikalilowesha, nami nikalitundika juu ya jiko la makaa likauke upesi. Bega la kulia likajikunyata.

Nilipoenda nyumbani Krismasi, mama alilichukua kutoka kwenye kiti nilipoliweka, akaligeuza, akaona ubavu, akaona bega. Kisha akalirudisha kwenye kiti na kwenda kuchochea moto jikoni. Ningelipenda anigombeze.

Safari ya Kariokor

Kariokor ni soko ambalo wakazi wengi wa Nairobi hulipita bila kuwaza asili ya jina lake. Limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Kiafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Uingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Siku hizi soko hilo linajulikana kwa kazi za ngozi: makubadhi, mikoba, mishipi. Niliingia humo Januari nikiwa nimelikunja jaketi ndani ya mfuko wa karatasi, kama mtu anayeficha kitu cha wizi.

Mzee niliyemkuta hakunitajia bei. Alikigusa kile kigamba cha supaglu kwa ukucha, akatikisa kichwa, akaniuliza ni nani aliyefanya kazi hiyo. Nikamwambia ni mimi, mzee. Akaniambia basi nivute kigoda niketi, kwa kuwa hapo kazi zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa ni kuondoa yale niliyoyafanya. Ya pili, ambayo ndiyo rahisi, ilikuwa ni kuponya mpasuko.

Mambo niliyojifunza pale, pamoja na yale niliyoyasoma na kuyajaribu katika miaka iliyofuata, ndiyo ninayotaka kukueleza, msomaji, ili jaketi lako lisifike Kariokor likiwa katika hali ile.

Kwanza fahamu ngozi ni nini. Kitambaa kimefumwa kwa nyuzi zinazopita juu na chini ya nyingine. Ukikidunga sindano, nyuzi husogea na kuipisha, na ukiichomoa hurudi mahali pake. Ngozi haikufumwa. Ni msitu wa nyuzinyuzi ndogo zilizosokotana kila upande jinsi zilivyoota mwilini mwa mnyama. Ukiidunga sindano, unazikata, na tundu hilo halizibiki milele. Ndiyo sababu mtu anayeushona mpasuko wa ngozi kwa mishono iliyokaribiana, kama anavyoshona kaptura ya mtoto, huwa ametengeneza msitari wa matundu mithili ya ule wa stempu za posta. Akiinua mkono tu, ngozi hukatika papo hapo.

Pili, ngozi imepikwa kiwandani. Baada ya kuondolewa manyoya kwa chokaa, hutiwa dawa ya kuizuia isioze. Iko dawa ya chumvi za madini ya kromu, na iko ya magamba ya miti. Wasomaji wa Eldoret watakumbuka kwamba mji wao ulikuwa na kiwanda cha kutengeneza dawa hiyo ya pili kutokana na magamba ya miwati. Nguo nyingi za ngozi hutengenezwa kwa kromu, kwa kuwa hutoa ngozi laini na nyepesi. Kisha hutiwa mafuta ndani, na juu yake hupakwa utando mwembamba wa rangi. Mafuta hayo ya ndani ndiyo uhai wa jaketi. Jua na moto huyakausha, nyuzinyuzi zikashikana, na ngozi ikawa kama mkate wa jana.

Utando huo wa rangi hujibu swali ambalo akina mama huniuliza mara kwa mara: mbona bibi zetu walizilainisha ngozi kwa mafuta tu na zikadumu? Ni kweli. Kabla ya nguo za dukani kuenea, mwanamke wa Kikikuyu alivaa muthuru wa ngozi, na Wamaasai walijisetiri kwa ngozi, zote zikilainishwa kwa mafuta. Lakini ngozi hizo zilikuwa wazi, hazikupakwa rangi ya kiwanda. Ukipaka mafuta ya kupikia juu ya jaketi la leo, hayaingii sawasawa. Hubaki madoadoa, yakavuta vumbi, na baada ya miezi kadhaa yakaanza kunuka. Mafuta ya kujipaka mwilini nayo hung'arisha kwa siku mbili tatu, kisha huacha utelezi. Nunua mafuta yaliyotengenezwa kwa ajili ya ngozi. Kopo dogo hutumika muda mrefu, kwa sababu kinachohitajika ni kidogo sana.

Je, ni ngozi kweli?

Kabla hujatoa senti yako, hakikisha unachotaka kukitengeneza ni ngozi. Majaketi mengi yanayouzwa leo madukani ni ya ngozi bandia, yaani kitambaa kilichopakwa plastiki. Usiyachome kwa kiberiti kama wanavyofanya wauzaji wengine kuonyesha ushujaa wao. Tafuta ukingo uliokatwa ambao haukukunjwa, ndani ya mfuko au pale ulipotatuka. Ukiona nyuzinyuzi zenye manyoya manyoya kama upande wa ndani wa mshipi, hiyo ni ngozi. Ukiona kitambaa kilichofumwa na juu yake utando unaoweza kubanduliwa, hiyo ni bandia. Vitundu vya vinyweleo pia husaidia: kwenye ngozi havilingani, ilhali mashine hurudia mchoro uo huo tangu kola hadi pindo.

Ngozi bandia ikianza kubanduka magamba mabegani na kwenye kola, sina habari njema. Unyevu wa hewa na joto huivunja plastiki yenyewe, hata jaketi likiwa limelala kabatini. Ukibandika hapa, litabanduka pale. Livae nyumbani ukifua magari, usilitumilie pesa.

Kuziba mpasuko

Tukirudi kwenye ngozi halisi, siri ya mpasuko ni kwamba hautengenezwi kutoka nje. Hutengenezwa kutoka ndani. Lakini ndani kuna bitana. Utafikaje?

Jambo hili lilinifurahisha nilipoonyeshwa. Geuza bitana ya mikono na uichunguze mishono yake. Mara nyingi, hasa mkono wa kushoto, utapata sehemu ya mshono iliyoshonwa kwa juu juu, tofauti na mingine. Hapo ndipo kiwanda kilipoligeuzia jaketi kulitoa nje. Fumua sehemu hiyo kwa wembe au kimkasi kidogo, ingiza mkono, ulivute jaketi zima upande wa ndani kupitia kwenye uwazi huo. Utaona mgongo wa ngozi yote bila kuharibu mshono hata mmoja wa nje. Iwapo hukuupata, fumua bitana pale chini kwenye pindo, karibu na mpasuko.

Tandika karatasi ya plastiki mezani. Lilaze jaketi juu yake, upande wa ndani ukiangalia juu. Pangusa eneo la mpasuko kwa kitambaa kilichoguswa na spiriti kidogo ili kuondoa jasho na vumbi, uache likauke. Kisha kata kiraka. Kiraka bora ni cha ngozi nyembamba, lakini kitambaa imara cha pamba kisichonyumbuka pia chafaa. Kiupite mpasuko kwa sentimita 2 kila upande, nacho kiwe na pembe za mviringo. Pembe kali huinuka, na pia huchora alama inayoonekana nje. Kama ni cha ngozi, kingo zake zipunguzwe unene kwa wembe, taratibu, zikiisha kama ukingo wa chapati.

Mzee alinituma nitafute mkoba wa zamani wa kike, kwa kuwa ngozi yake huwa nyembamba na tayari imelainika. Nilipata mmoja katika katoni la vitu vilivyotupwa nyumbani, nikamletea.

Gundi ni ile ya rangi ya asali wanayotumia mafundi wa viatu. Ikikauka hubaki ikinyumbuka pamoja na ngozi, jambo ambalo supaglu haiwezi kamwe. Supaglu hukauka ikawa kioo, na mahali kioo kinapokutana na kitu laini kinachokunjwa kila siku, kile laini ndicho hukatika. Isitoshe, supaglu ikigusa pamba huweza kutoa joto la kuunguza vidole, kwa hiyo anayeipaka kwa kipande cha pamba anajitafutia balaa.

Lakini hiyo gundi ya mafundi nayo si ya kuchezea. Ndiyo inayonuswa na watoto wa mitaani, nasi tunajua inavyowafanya. Mvuke wake hudhuru na hushika moto. Fungua madirisha, zima jiko, watoto wawe nje, na kopo lifungwe mara tu unapomaliza.

Paka utando mwembamba kwenye kiraka, na mwingine mgongoni mwa ngozi kuuzunguka mpasuko. Sasa subiri. Hapa ndipo wengi hushindwa. Usibandike gundi ikiwa mbichi. Ngoja dakika 10 hadi 15, mpaka ukiigusa kwa kidole haishiki kidole. Wakati huo zikutanishe kingo za mpasuko mpaka zigusane bila kupandana, kisha teremsha kiraka kuanzia upande mmoja, kama unavyobandika stika kwenye daftari. Ukikosea, kukibandua ni kazi. Kisugue kwa mgongo wa kijiko kutoka katikati kwenda nje. Geuza upande wa mbele, na ukiona uzi wa mpasuko umeachama kidogo, tia tone la gundi kwa kijiti cha meno na upanguse inayozidi mara moja. Weka plastiki juu, na juu yake vitabu vizito. Liache mpaka kesho yake, wakati kama huo.

Mpasuko kama wangu, ungelitengenezwa hivyo siku ile ile, ungelibaki alama nyembamba kama mstari wa kalamu. Kwa kuwa nilikwisha tia supaglu, ilimbidi mzee akikate kile kigamba chote kwa kisu, na kiraka kikaonekana kwa nje kwenye pengo la upana wa kidole. Dawa ya kuyeyusha supaglu ipo, ile ya kuondolea rangi ya kucha, lakini huondoa na rangi ya jaketi pia.

Uzi, rangi na maji

Mahali palipofumuka mshono tu, bila ngozi kuchanika, ni rahisi zaidi. Tundu za zamani zipo, zitumie hizo hizo. Sindano iwe ya ngozi, ile yenye ncha ya pembe tatu, lakini kwa kuwa hutoboi tundu jipya hata ya kawaida isiyo kali sana itapita. Uzi wa pamba huoza kwa jasho, tumia wa poliesta au nailoni, na uupitishe kwanza kwenye nta ya nyuki au mshumaa ili uteleze usikatike. Kabla ya kushona, usizishike pande mbili kwa pini. Pini ni matundu. Zishike kwa vibanio vya nguo.

Mifuko ya ndani iliyotoboka ni bitana tu, hiyo hushonwa kama nguo yoyote. Nimetaja kwa sababu katika jaketi la baba, mzee alipofungua bitana, tulikuta sarafu tatu na risiti ya mafuta ya lori zilizokuwa zimepenya kwenye tundu la mfuko na kujificha kwenye pindo. Maandishi ya risiti yalikuwa yamefutika. Niliiweka kwenye pochi na bado ninayo.

Kuhusu rangi, polishi ya viatu si rangi ya nguo. Kiatu hakisuguani na shati. Katika maduka ya vifaa vya viatu huuzwa rangi za ngozi zinazokauka zisitoke. Ijaribu kwanza mahali pasipoonekana, kama chini ya kola, na uiangalie ikishakauka, maana nyeusi nyingine hukauka ikielekea buluu. Paka kwa kipande cha sponji, kidogo kidogo, mara tatu au nne, ukingoja ikauke kila mara. Mikwaruzo midogo isiyofikia chini haihitaji rangi. Joto la kidole na mafuta ya ngozi kidogo huifunika.

Jaketi likinyeshewa, liondoe maji kwa taulo, liweke kwenye hanga pana, uijaze mikono magazeti, na ulitundike mahali penye hewa, mbali na jua, jiko na pasi. Litachukua siku mbili. Vumilia. Likiwa limebakiwa na unyevu kidogo, lipake mafuta yake. Bega la jaketi langu lilikunyata kwa sababu ngozi iliyolowa hustahimili joto kidogo sana kuliko ngozi kavu, na ikishajikunyata namna hiyo, hakuna fundi wa kuinyoosha ikarudi ilivyokuwa. Mzee alinitajia hilo bila kunificha.

Ukungu nao, adui wa Julai hapa Nairobi na wa mwaka mzima kule Mombasa, hutolewa kwa brashi laini, nje ya nyumba ili usijisambaze kabatini. Kisha pangusa kwa spiriti iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, kitambaa kikiwa na unyevunyevu tu wala si cha kuchuruzika, na hapo tena ujaribu mahali pa siri kwanza. Ukungu hupenda mifuko ya plastiki. Jaketi lihifadhiwe kwenye shati kuukuu au shuka, lipate kupumua. Sabuni ya unga na beseni visilikaribie kabisa. Na kama lako ni la ngozi ya manyoya laini, ile isiyong'aa, sahau habari za mafuta. Hilo ni la brashi kavu na kifutio cha penseli.

Zipu ikipanda lakini ikaachama nyuma, mara nyingi ni kile kichwa kilicholegea. Kibane kidogo kwa koleo pande zote mbili. Ikiwa nzito, isugue na mshumaa.

Yako mambo ambayo nakushauri uyaache kwa fundi: kubadilisha zipu nzima, mpasuko uliopita katikati ya mshono wa kwapa ambako ngozi huvutwa kila unapoinua mkono, na ngozi ya kondoo iliyochakaa, ambayo huwa laini mno na huchanika mbele ya sindano kama karatasi iliyolowa. Ukimpelekea, mpelekee kabla hujagusa. Nimewaona mafundi wakikunja uso kwa sababu ya kazi iliyoguswa kuliko kazi iliyochakaa.

Lile jaketi lilinichukua Jumamosi nne pale Kariokor, mzee akifanya huku nami nikishika, na nyingine akinipa wembe nifanye mwenyewe huku akitazama pembeni. Nimelivaa miaka mingi tangu hapo. Kovu la ubavuni lipo, na bega la kulia ni fupi kuliko la kushoto, ingawa ni mimi tu nionaye.

Mwaka huu si langu tena. Kitinda mimba wetu, ambaye baba alimwacha akiwa na miaka mitatu na hamkumbuki hata sauti, amepata nafasi katika chuo kikuu karibu na Eldoret, na baridi ya huko haihitaji kusimuliwa. Wiki iliyopita nililipeleka nyumbani, nikaufumua mshono wa mkono wa kushoto kumwonyesha kijana njia ya kuingilia, ili siku likimtatukia asikimbilie dukani kama mimi. Mama alikuwa ameketi akichambua maharagwe. Akaomba alione. Akaingiza mkono ndani, akapapasa kile kiraka kwa muda, kisha akakivuta karibu na dirisha.

"Huu si mkoba wangu wa harusi?"

Nikamwambia ndio, mama, ulikuwa kwenye lile katoni. Akaguna, akaniambia nirudishie mshono kabla bitana haijachafuka, na nishone vizuri, kwa kuwa basi la mtoto lilikuwa linaondoka saa mbili asubuhi.